Kuazima na Kurudisha: Somo la Maktaba

 

Somo la wiki hii ni la watoto na wazazi pamoja. Tutajifunza maneno ya maktaba, tutajifunza taratibu za kuazima vitabu hapa Minneapolis na Saint Paul, na mwisho kuna kazi ya nyumbani. Someni sehemu ya kwanza pamoja mezani. Mtoto asome kwa sauti, mzazi asahihishe matamshi.

1. Kuazima si kukopa

Watoto wetu wengi wakitaka kalamu darasani wanasema, "Mwalimu, nikopeshe kalamu." Ninaelewa, lakini Kiswahili kina maneno mawili hapo, na tofauti yake ni nzuri kuijua.

Kukopa ni kuchukua kitu ambacho utalipa kwa kingine kilicho sawa nacho. Unakopa pesa. Unakopa sukari dukani, unaipika chai, mwisho wa mwezi unalipa. Hakuna mwenye duka anayetaka punje zilezile za sukari.

Kuazima ni kuchukua kitu, kukitumia, kisha kukirudisha kilekile. Unaazima kalamu, jembe, sufuria kubwa ya shughuli, kiti cha jirani. Anayekuazima anataka sufuria yake, si sufuria nyingine.

Neno kuazima linatumika pande zote mbili. Ninasema, "Niazime kalamu yako," maana yake nipe niitumie. Na ninasema, "Nimeazima kalamu kwa rafiki yangu," maana yake yeye ndiye aliyenipa.

Sasa, kitabu cha maktaba tunakikopa au tunakiazima? Tunakiazima. Maktaba inataka kitabu chake kirudi ili mtoto mwingine akisome. Hilo ndilo jambo la kukumbuka katika somo hili lote, kwa sababu taratibu karibu zote za maktaba zinatoka hapo.

Tuna methali inayosema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa mtu anafurahi kama yuko harusini, siku ya kulipa ananuna kama yuko msibani. Methali hiyo ni ya kukopa. Wazazi wengi wetu, hata hivyo, tumeibeba hadi mlangoni kwa maktaba, tukaogopa kuingia.

2. Faini zilifutwa

Mzazi mmoja wa shule yetu aliniambia kwamba watoto wake hawana kadi za maktaba na hatawachukulia. Nilipomuuliza kwa nini, akasema katika jimbo alilokaa kwanza walichelewesha vitabu vya watoto, faini ikapanda mpaka akashindwa. Tangu hapo akiona jengo la maktaba anaona deni. Watoto wake wana miaka saba na tisa. Huo ndio umri ambao mtoto anaweza kumaliza vitabu vitano kwa wiki akivipata.

Hayuko peke yake. Kazi yangu ni uuguzi, na hospitalini tunaliona jambo hilihili: anayeogopa bili huchelewa kuja, na ugonjwa haumsubiri. Kusoma ni hivyohivyo. Mtoto hasubiri mpaka mama aache kuogopa. Anakua.

Kwa hiyo, wazazi, someni hapa polepole. Saint Paul Public Library iliacha kutoza faini za kuchelewa mwaka 2019, na faini za zamani za kuchelewa ikazifuta. Hennepin County Library, ambayo ndiyo inayosimamia maktaba za Minneapolis na vitongoji vyake kama Brooklyn Park na Brooklyn Center, iliacha faini za kuchelewa mwaka 2021. Ukichelewa siku tatu au wiki moja, hakuna senti inayohesabiwa.

Maktaba ziliona kwamba faini haikuwa inarudisha vitabu. Mwenye pesa alilipa na kuendelea. Asiye na pesa aliacha kuja, na kitabu kikabaki uvunguni mwa kitanda kwa aibu. Faini iliwafukuza watu ambao maktaba ilijengwa kwa ajili yao.

Lakini tusidanganyane. Kufutwa kwa faini hakukufuta wajibu. Kitabu kikikaa muda mrefu bila kurudi, maktaba itakihesabu kuwa kimepotea, na utadaiwa bei yake. Kitabu kilichoharibika pia kinaweza kulipiwa. Na ukikipata kile kilichohesabiwa kuwa kimepotea, ukakirudisha kikiwa kizima, kwa kawaida deni lake linaondolewa. Unaona? Wanataka kitabu, hawataki pesa yako. Ndiyo kuazima.

Ikiwa una kadi ya zamani na unadhani una deni, nenda kwenye meza ya huduma na useme hivyo tu. Mkutubi ataangalia kwenye kompyuta na kukuambia ukweli wa akaunti yako. Wengi watakuta hakuna kitu. Mwenye deni la kitabu kilichopotea aulize nini kinaweza kufanyika. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza ujue kama deni lipo.

3. Kadi na taratibu

Kadi ni bure kwa mkazi. Fomu inauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namna ya kukupata. Utaombwa kuonyesha kitambulisho na kitu kinachothibitisha unapoishi. Hawaulizi wewe ni raia wa nchi gani. Mtoto anaweza kuwa na kadi yake mwenyewe, na ninashauri apewe. Mtoto mwenye kadi yenye jina lake hujiona mtu mzima kidogo, na hutunza kitabu vizuri zaidi.

Haya ndiyo mambo ya kujua:

Muda. Vitabu vingi unaazima kwa wiki tatu. Tarehe ya kurudisha utaiona kwenye risiti au kwenye akaunti yako ya intaneti. Ibandike risiti kwenye mlango wa friji.

Kuongeza muda. Usipomaliza kitabu, mara nyingi unaweza kuongezewa muda, mradi hakuna mtu mwingine anayekisubiri. Akiwepo anayekisubiri, kirudishe. Na wewe siku moja utakuwa unasubiri.

Kuagiza. Kitabu unachotaka kama hakipo kwenye tawi lako, unakiagiza. Maktaba ya Minneapolis iliungana na ya Hennepin County mwaka 2008, na sasa mtandao huo una matawi 41. Kitabu kilichoko tawi la mbali kinaletwa kwenye tawi lako, unapewa taarifa, unakwenda kukichukua. Hulipi usafiri wake.

Kurudisha. Si lazima urudishe palepale ulipochukua. Maktaba za kaunti saba za eneo letu, yaani Anoka, Carver, Dakota, Hennepin, Ramsey, Scott na Washington, pamoja na ya mji wa Saint Paul, zimeungana katika chama kinachoitwa MELSA. Ukiwa na kadi ya moja, unaweza kuiandikisha nyingine nayo ikatumika huko. Kitabu ulichoazima katika moja unaweza kukirudisha katika nyingine. Hili linawafaa sana wanaokaa mji mmoja na kufanya kazi mwingine.

Angalizo kwa wa upande wa mashariki: Saint Paul Public Library na Ramsey County Library ni maktaba mbili tofauti. Roseville na Maplewood ziko chini ya Ramsey County. Ukiona akaunti yako haifunguki, huenda umeingia nyumba ya jirani.

Vitabu vya simu. Kwa kadi hiyohiyo unaweza kuazima vitabu vya kusoma au kusikiliza kwenye simu kupitia programu ya Libby. Muda ukiisha, kitabu kinajirudisha chenyewe. Sisi tunaofanya kazi usiku tunajua thamani ya kitabu cha kusikiliza saa kumi na moja alfajiri ukiwa unarudi nyumbani.

Utunzaji. Hapa kwetu adui mkubwa wa kitabu ni theluji. Mtoto anaweka begi mlangoni, theluji inayeyuka, kitabu kinavimba kama andazi. Tieni vitabu vya maktaba kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuviweka kwenye begi.

4. Siri yako

Kuna wazazi wanaouliza, "Serikali itajua ninachosoma?" Ni swali la haki, hasa kwa waliotoka mahali ambapo kuorodheshwa jina si jambo jema. Sheria ya Minnesota inasema kwamba taarifa inayounganisha jina la mtu na vitabu alivyoomba au kuazima ni ya faragha. Maktaba hairuhusiwi kuitoa nje ya shughuli zake ila kwa amri ya mahakama. Mkutubi hawezi kumwambia jirani yako, wala mwajiri wako, kwamba umeazima kitabu cha kisukari, cha talaka au cha mtihani wa uraia.

5. Sisi si wa kwanza

Msitarajie kukuta ukuta mzima wa vitabu vya Kiswahili katika tawi lenu. Wengine wakiona hivyo wanasema, "Maktaba hii si yetu," na hawarudi. Naomba tutazame historia kidogo.

Tawi la Franklin, katika barabara ya Franklin mjini Minneapolis, lilifunguliwa mwaka 1914 kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Wakati ule mtaa ulikuwa umejaa wahamiaji kutoka Skandinavia, na tawi likajulikana kwa vitabu vya lugha zao. Upande wa kaskazini, tawi la Sumner la mwaka 1915 lilikuwa na vitabu vingi vya Kiyidi kwa ajili ya Wayahudi waliokaa pale. Leo mjukuu wa mhamiaji wa Norway anaazima kitabu cha Kiingereza bila kufikiri, na kwenye rafu za lugha za dunia utakuta Kisomali na Kihmong. Vitabu hivyo viliwekwa kwa sababu kulikuwa na watu wa kuviomba na wa kuviazima.

Nasi tuombe. Kuna njia mbili. Ya kwanza, pendekeza kitabu kinunuliwe. Maktaba zote mbili kubwa hupokea mapendekezo ya wasomaji. Andika jina la kitabu, mwandishi na mchapishaji, bila kukosea herufi. Ya pili, omba kitafutwe kwingine. Mtandao wa MNLINK unaunganisha maktaba za jimbo zima, zikiwemo za vyuo, na kitabu kinaweza kutoka mbali kikaja hadi tawi lako.

Na kitabu cha Kiswahili kikija, kiazimeni. Kitabu ambacho hakiazimwi kwa muda mrefu huondolewa kwenye rafu ili kupisha kingine. Tukiomba halafu tusiazime, tutakuwa tumejifungia mlango wenyewe.

6. Maktaba za nyumbani

Watoto, msidhani maktaba ni kitu cha Marekani peke yake.

Nairobi kuna McMillan Memorial Library, jengo la nguzo nyeupe lenye sanamu za simba mbele, lililofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi ya mwanzo Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo. Walipita nje tu. Leo mtoto yeyote wa Nairobi anaweza kupanda ngazi zile. Muulizeni babu au bibi aliyekulia Kenya kama anaikumbuka.

Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere Desemba 1967, wakati nchi ilikuwa ikihimiza kila mtu ajue kusoma na kuandika.

Na huko Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, kuna maktaba inayotembea kwa miguu minne. Mwaka 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia, kwa sababu gari halifiki kila mahali na wafugaji hawakai pamoja mwaka mzima. Ngamia wanabeba masanduku ya vitabu na hema. Wakifika, hema linatandazwa, watoto wanakaa mkekani, wanachagua, wanaazima. Ngamia wakirudi tena, vitabu vinarudishwa na vingine vinaachwa. Wazazi wa baadhi ya rafiki zenu wa Kisomali hapa Minneapolis wametoka sehemu hizo. Waulizeni shuleni.

Mtoto wa Garissa anamsubiri ngamia. Wewe una tawi lenye joto, basi linakupeleka hadi karibu, na rafu zimejaa.

7. Mazungumzo

Someni wawili wawili. Bibi amekuja kutembea kutoka Tanga. Mjukuu amempeleka maktaba.

MJUKUU: Shikamoo, Bibi.
BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona vitabu ni vingi hivi? Vinauzwa bei gani?
MJUKUU: Haviuzwi, Bibi. Vinaazimwa.
BIBI: Na huyu mwenye navyo anakujua?
MJUKUU: Ananijua kwa kadi hii. Jina langu limeandikwa.
BIBI: Unaruhusiwa kuchukua vingapi?
MJUKUU: Vingi. Lakini Mama amesema sita tu, nisije nikavipoteza.
BIBI: Mama yako ana akili. Utavirudisha lini?
MJUKUU: Baada ya wiki tatu.
BIBI: Na usiporudisha?
MJUKUU: Nikichelewa hawatozi faini. Nikipoteza nitalipa.
BIBI: Basi chagua kimoja cha kunisomea mimi. Kama ni cha Kiingereza, utanifasiria.
MJUKUU: Haya, Bibi. Kaa hapa dirishani, kuna jua.

8. Msamiati na ngeli

Maneno ya wiki: maktaba, mkutubi, kadi, rafu, tawi, kuazima, kurudisha, kuagiza, kuongeza muda, tarehe ya kurudisha, faini, ukurasa, jalada, faragha.

Angalieni maneno haya: kitabu, maktaba, mkutubi, katibu. Yote yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Kwa hiyo neno kitabu lenyewe tumeliazima, na tumelitumia miaka mingi hata tumelipa wingi wa kwetu, vitabu. Hilo hatulirudishi.

Andika sentensi hizi katika wingi. Ya kwanza nimewafanyia.

1. Kitabu hiki kimeazimwa. — Vitabu hivi vimeazimwa.
2. Kadi yangu imepotea.
3. Ukurasa huu umechanika.
4. Mkutubi ametusaidia sana.
5. Tawi hili limefungwa leo.
6. Jalada la kitabu limelowa.

Kisha jaza pengo kwa azima au kopa, katika umbo linalofaa:

a) Baba ame______ pesa benki kununua gari.
b) Tume______ viti vya kanisa kwa sherehe ya Jumamosi.
c) Mama Asha ali______ kilo mbili za unga dukani.
d) Nili______ kitabu cha hadithi, kesho nitakirudisha.

9. Kazi ya nyumbani

Kwa mwanafunzi: nenda kwenye tawi lililo karibu nanyi. Kama huna kadi, chukua. Azima kitabu kimoja tu, cha lugha yoyote, na uje nacho darasani. Utatueleza kwa Kiswahili, kwa sentensi tano, kinahusu nini na kinarudi lini. Sentensi ya tano lazima iwe na neno kurudisha.

Kwa mzazi: uliza kwenye meza ya huduma mambo mawili. Akaunti yangu ikoje? Na, nifanyeje ili maktaba inunue kitabu cha Kiswahili? Andika jibu kwenye karatasi ulilete. Tutakusanya majina ya vitabu tunavyovitaka tuyapeleke kama shule, familia kwa familia, kila mmoja kwa tawi lake.

Kwa anayeogopa deni la zamani: niambie kabla au baada ya darasa. Nitakusindikiza hadi kwenye meza ya huduma, na kama ni lazima nitakutafsiria. Siku zangu za mapumziko wiki hii ni Jumanne na Alhamisi.

Mwalimu wenu